Hodi ya Kutoka

Asubuhi ile ya Jumanne, Mtaa wa Mkunguni ulikuwa kama siku zote. Makuli walikuwa wanashusha marobota ya vitenge kutoka kwenye lori lililoziba nusu ya barabara. Muuza betri alishawasha kipaza sauti chake kinachorudia maneno yaleyale kutwa nzima, na mama wa mihogo alikuwa anagombana na mwenye mkokoteni aliyemgongea ndoo. Muaz aliwapita wote, akanunua kahawa kwenye kona, akainywa amesimama, kisha akapanda ngazi kwenda kazini.

Jina lake kamili lilikuwa Muaz Ghanim Taimur. Ni vizuri litajwe lote, kwa sababu chini ya jengo lilelile kulikuwa na Muaz mwingine, wa duka la mapazia, ambaye hakuhusika na lolote katika haya, na ambaye mpaka leo amechoka kuulizwa.

Jengo lenyewe lilijengwa na mzee Champaklal, mfanyabiashara wa nguo. Jina lake bado linasomeka juu ya mlango wa mbele ukitazama kwa makini chini ya rangi. Mjukuu wake, Anjana, ndiye aliyekuwa na kampuni ghorofa ya kwanza, na kampuni aliiita Paa Moja. Maduka mengi ya Kariakoo yalikuwa hayana haja ya kununua kompyuta kila moja peke yake. Paa Moja ilikuwa na mashine moja kubwa, na ndani ya mashine hiyo kila duka lilipewa mashine yake ya kufikirika ya kutoa risiti na kutunza hesabu ya mali. Kila moja iliamini kwamba iko peke yake duniani.

Mashine hizo za kufikirika mafundi huziita wageni. Programu inayozitunza zote huitwa mwenyeji. Mgeni hana ruhusa ya kugusa kitu cha nyumba. Akitaka kuchapa risiti, akitaka hata kujua ni saa ngapi, ni lazima asimame, amwite mwenyeji, angoje. Wakati anangoja hajui lolote. Hapumui, tukisema kibinadamu. Mwenyeji asipoitika, mgeni hubaki amesimama vilevile.

Mwito huo, pale Paa Moja, uliitwa hodi. Aliyeupa jina ni Vitalis Polycarp, ambaye ndiye aliyeuandika, na ambaye alikuwa amefariki humohumo ofisini kabla ya mvua za masika.

Jina la hodi lilitokana na mlango. Mashine kubwa ilikaa nyuma, katika chumba ambacho enzi za mzee Champaklal kilikuwa stoo ya vitenge. Kilikuwa na mlango wa chuma na komeo upande wa nje. Ulikuwa mlango mkaidi. Bila komeo haukukubali kufungika. Ulijisukuma wenyewe polepole mpaka ukawa wazi, ubaridi wa kiyoyozi ukatoka wote. Kwa hiyo mtu akiingia, mwenzake wa nje hushusha komeo. Akimaliza kazi, aliye ndani hupiga hodi, na aliye nje huitikia karibu na kuinua komeo. Vitalis jambo hilo lilimchekesha sana. "Watu wote wanapiga hodi waingie," alikuwa akisema. "Sisi tu ndio tunapiga hodi tutoke." Wakaiita hodi ya kutoka, na alipofika mahali pa kuandika mwito wa mgeni kwa mwenyeji, hakutafuta jina jingine.

Kitu kimoja zaidi kinafaa kuelezwa. Ndani ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, mna rejista. Hizi si rejista za majina ya wanafunzi. Ni visanduku vichache, vidogo, ambamo prosesa huweka kile inachokishughulikia wakati huo. Kila kisanduku kina jina lake, na kila kimoja kinachukua herufi nane, hazizidi. Anayepiga hodi huweka haja yake kwenye visanduku hivyo, na mwenyeji husoma humo. Kuchagua kisanduku kipi kibebe nini ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu ukichagua vibaya unafuta kitu cha mwenzako ambacho hukijui. Vitalis alichagua kwa uangalifu. Kisanduku kimoja, kinachoitwa RBX, alikiacha kabisa, na pembeni ya msimbo akaandika: RBX ni chumba cha mgeni mwenyewe. Usiingie.

Jumanne ile Muaz alikuwa anataka kuingia.

Anjana alikuwa ameomba kila risiti ionyeshe namba ya tawi la duka, kwa hiyo hodi ilitakiwa kubeba kitu kimoja zaidi. Tena ilitakiwa haraka. Alhamisi wangekuja watu wa kuitazama mashine ile, na wakiipenda wangeichukua waipeleke nchi nyingine, pamoja na jina la aliyeiandika.

"Chukua R10," alisema Brightness, aliyekuwa anakaa meza ya pili na ndiye aliyejaribu kila programu kabla haijatoka. "Iko bure kabisa."

"Nachukua RBX."

"Si marehemu aliikataza?"

"Marehemu hayupo, Brightness."

Brightness alimtazama, akainua mabega. "Haya, kaka. Wewe ndiye fundi."

R10, kisanduku kingine, ilikuwa bure kweli, na Muaz alijua. Lakini kila alipofungua ukurasa ule wa msimbo na kuona neno "usiingie" alihisi kama anakatazwa ndani ya nyumba yake. Alilifuta. Akapanda mpaka juu ya ukurasa, palipoandikwa "Vitalis Polycarp", akafuta na hapo, akaandika jina lake lote, la baba yake na la babu yake. Kisha akaipa RBX kazi.

Anayechukua kisanduku kama hicho lazima aandike kwenye orodha kwamba kitaguswa, ili programu nyingine zikihame kwanza. Ni kitu cha kwanza mwanafunzi anachofundishwa. Muaz alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu ana nywele nyingi.

Alisahau.

Baada ya chakula cha mchana Brightness alimwita. "Kaka Muaz, njoo uone. RBX yako inarudi na uchafu."

"Uchafu gani?"

"Kila mgeni akipiga hodi, namba ni ileile. Njoo."

Muaz aliinama juu ya kioo cha kompyuta ya Brightness. Iliandikwa hivi: 49444F4849444F48. Tarakimu mbilimbili ni herufi moja, na namba za namna hiyo husomwa kwa kuanzia kulia. Muaz, aliyekaa madrasa ya Mtaa wa Pemba utoto wake wote, hakuwahi kupata shida kusoma kutoka kulia. Alisoma. H. O. D. I. Halafu tena.

HODIHODI.

Brightness alicheka. "Aisee, wewe mchokozi! Umeweka utani ndani ya prosesa?"

"Ndiyo," alisema Muaz. "Utani tu."

Alirudi kwenye meza yake. Mkono wake ulikuwa unanukia mafuta ya kukaangia samaki. Siku hiyo alikuwa amekula wali na maharage.

Harufu ile aliijua ilikotoka. Ilikuwa ya mama yake Vitalis, Agnesi, mkaangaji wa samaki pale Feri. Alikuwa amefika ofisini baada ya mazishi, kanga mbili nyeusi, kandambili, bila kuomba chochote. Aliuliza tu mlango uko wapi.

"Shikamoo, mama," Muaz alimwambia. "Karibu ndani."

Shikamoo ile ilibaki hewani. Mama Agnesi hakuiitikia, wala hakuvuka kizingiti cha stoo. Alisimama nje akalitazama komeo kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama uso.

"Alipiga hodi?" aliuliza.

"Hatukusikia, mama. Jenereta lilikuwa na kelele."

Mama akaweka kiganja juu ya komeo. Kiganja kilichokaanga samaki miaka yote, ambacho sabuni haikiondoi tena mafuta. Alikiacha pale.

"Mwanangu hakuwahi kuingia wala kutoka pahala bila hodi," alisema. "Tangu anatambaa. Basi ataendelea kupiga. Atapiga mpaka aliyemsikia aitikie."

Alisema kwa sauti ndogo, ya mtu anayetaja bei. Akashuka ngazi. Kwenye komeo kukabaki alama ya mafuta, vidole vitano vilivyonyooka, na msafishaji aliisugua asubuhi tatu ndipo ikaondoka.

Na ukweli ni kwamba Muaz alikuwa amesikia.

Siku ile umeme ulikatika mchana. Brightness na Anjana walikuwa wametoka. Ofisini walibaki wawili, Vitalis ndani ya stoo na Muaz nje. Jenereta lilikaa kwenye roshani ya nyuma, chini ya dirisha la stoo lililovunjika kioo. Asubuhi yake Anjana alikuwa ametamka mbele ya wote kwamba kazi ya hodi itaitwa ya Vitalis, yake peke yake, na Muaz alipiga makofi mpaka mashavu yakamuuma kwa kutabasamu. Jenereta likawaka. Baada ya muda Muaz akanusa moshi, si kutoka nje, kutoka chini ya mlango wa chuma.

"Hodi!" ilikuwa sauti ya kawaida.

Muaz hakuitika. Alitaka tu mwenzake angoje kidogo, ajue nani yuko nje na nani yuko ndani.

"Hodi, jamani!"

Kikohozi. Kiganja kwenye chuma.

"Muaz! Nipo humu!"

Muaz alichukua hedifoni akazivaa. Alipozivua, jenereta lilikuwa bado linanguruma, na hakukuwa na sauti nyingine. Polisi aliwaambia hakusikia. Anjana alimwambia hakusikia. Mama alimwambia hivyohivyo. Kila mtu aliamini, maana jenereta lile kweli lilikuwa na kelele. Sasa jina lake lilikuwa juu ya ukurasa, na alichokuwa nacho cha kulinda kilikuwa kimoja: kwamba asijue mtu kuwa alisikia.

Jumatano alifika mapema kuliko wote. Aliandika RBX kwenye orodha. Akaongeza amri ya kukifuta kisanduku kila mwenyeji anapomaliza kuitikia, kiwe sifuri tupu. Akawasha mgeni mmoja wa majaribio. Mgeni akapiga hodi. Muaz akafungua RBX akasoma kutoka kulia.

NIPOHUMU.

Alikaa akiitazama. Mtaani muuza betri alikuwa anapiga kelele zake, makuli wanasukumana, "Kaa pembeni, mzigo huo!" Jua lilikuwa juu ya meza. Hapakuwa na giza la kumwogopesha mtu.

Akaiacha RBX. Akahamia R10, ile ya bure. Mgeni akapiga hodi.

Ndani ya R10: NIPOHUMU.

Akahamia R12. Ikaja R12. Akahamia R14. Ikaja. Alichagua visanduku kama mtu anayekimbia chumba hadi chumba ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kila mlango aliofungua kulikuwa na mtu ameshafika. Akarudisha hodi ya zamani, ileile ya Vitalis, neno kwa neno. Aliacha tu jina lake juu.

"Kaka, hujalala?" Brightness alikuwa nyuma yake, mkoba bado begani.

"Nimelala."

"Mbona shati lako..." Alikuwa anasoma kioo juu ya bega lake. Brightness naye alikuwa amejifunza kusoma kutoka kulia, kazi ile humfundisha kila mtu. Muaz aliona midomo yake ikitembea taratibu, herufi moja moja. Akageuka kutazama anachokisoma.

Neno lilikuwa limebadilika.

ULISIKIA.

Brightness hakucheka safari hii. "Ulisikia nini?" alinong'ona.

"Endelea na kazi yako."

"Kaka Muaz. Ulisikia nini?"

Hapohapo ngazi zilitikisika. Ni Abdulmalik wa duka la mabegi, mtu mnene, anayepanda ngazi zile akiwa na hasira tu.

"Nyie watu wa kompyuta! Risiti zangu zinapiga hodi!" Alikuwa ameshika karatasi ndefu inayoburuta sakafuni. "Mteja kanunua begi la mtoto, karatasi inamwambia hodi hodi. Kaniwekea begi langu mezani kaondoka, anasema duka lina jini! Jini mimi nitamtolea wapi, na kodi hii ya pango?"

"Abdulmalik, punguza sauti, bwana," Anjana alitoka chumbani kwake. "Tunashughulikia."

"Na wa vyombo hivyohivyo! Na wa vitambaa! Mtaa mzima unapiga hodi, Dada Anjana!"

Anjana alichukua karatasi akaisoma, akamwangalia Muaz. "Uligusa nini?"

"Rejista moja tu."

"Ipi?"

Brightness ndiye aliyesema. "Ya Vitalis."

Anjana alikunja karatasi taratibu. Jina lile lilikuwa halitajwi ofisini. "Zima mashine kubwa," alisema. "Kesho wanakuja watu. Zima, tuanze upya."

Brightness alijaribu kuizima kutoka kwenye meza yake. Alijaribu mara ya pili. "Haiitiki. Inabidi mtu aingie aizime kwa mkono."

Wote watatu walimtazama Muaz. Angeweza kukataa. Lakini mtu anayekataa kuingia chumba kimoja tu katika jengo zima ataulizwa kwa nini, na swali hilo ndilo alilolikimbia tangu kabla ya masika.

"Komeo lisishushwe," alisema. "Acheni ubaridi utoke. Brightness, simama hapo mlangoni."

"Nipo."

"Usiondoke."

"Kaka, nimesema nipo."

Muaz akaweka stuli katikati ya mlango, miguu yake miwili nje na miwili ndani. Akaingia.

Ndani kulikuwa na baridi, taa ndogo za kijani zikipepesa. Dirisha lilikuwa limeshawekwa kioo kipya. Muaz alikwenda moja kwa moja kwenye swichi. Juu ya mashine kulikuwa na kioo kidogo, kile cha mafundi, ambacho huonyesha kitu pale tu mtu anapokiamuru. Hakuna aliyekiamuru. Kilikuwa kinaonyesha herufi nane, na safari hii hazikuhitaji kusomwa kutoka kulia.

ZAMUYAKO.

Zamu yako.

Akabonyeza swichi. Taa za kijani zikazima zote.

Na Kariakoo ikazima.

Muuza betri alikatika katikati ya neno. Lori lilinyamaza. Abdulmalik, aliyekuwa bado anafoka kule ngazini, alinyamaza mdomo wazi. Hata kiyoyozi. Muaz hakuwahi kusikia ukimya wa namna ile mchana wala usiku. Ulikuwa kama ukimya wa kitu kinachongoja.

Aligeuka. Mlango ulikuwa wazi. Stuli ilikuwa palepale. Brightness alikuwa amesimama nje, amempa mgongo, kichwa kimeelekea kwa Abdulmalik. Muaz alishusha pumzi, akatembea hadi mlangoni, akanyanyua mguu avuke stuli.

Goti lake likagonga chuma.

Macho yaliona uwazi. Mkono ukagusa mlango. Ulikuwa umefungwa, na ulikuwa wa moto. Aliupapasa juu hadi chini huku anamwona Brightness hatua moja tu mbele yake, anaona hata uzi uliochomoka kwenye mkoba wake. Akagonga. Chuma kikalia.

Brightness hakugeuka.

"Brightness."

Hakugeuka.

Kukawa na harufu. Kidogo tu kwanza. Moshi.

Kuna neno moja tu la kutokea kwenye chumba kile. Muaz alilijua. Alikuwa amelisikia likitamkwa kwa sauti kubwa, kisha kwa sauti ndogo, kisha likaisha. Hakutaka kulisema. Alibana meno. Moshi ukamjaa kooni.

"Hodi," alisema.

Nyuma yake, karibu kabisa na sikio, mtu alivua kitu polepole kama anavyovua mtu hedifoni. Kisha akazivaa tena.

"Hodi! Hodi, jamani!"

Walichokiona wengine ni hiki. Brightness aliapa mbele ya Anjana, na baadaye mbele ya familia, kwamba aligeuza kichwa kwa muda wa kumwambia Abdulmalik anyamaze, basi. Aliporudisha macho, Muaz alikuwa amesimama ndani ya mlango ulio wazi, mbele ya stuli, hakuna moshi, hakuna chochote. Mkono wake ulikuwa umeinuliwa unagonga hewa. Midomo inasema hodi.

"Karibu!" Brightness alimwambia. "Kaka, toka! Mlango uko wazi!"

"Hodi."

"Karibu, Muaz," alisema Anjana.

"Karibu, bwana, usitutanie," alisema Abdulmalik, na jasho lilikuwa linamtoka.

Hakuwasikia. Makuli wawili walioitwa kutoka barabarani ndio waliomtoa kwa kumbeba. Mwili haukuwa na jeraha, na madaktari waliompima waliuona mzima. Masheikh walisoma. Lakini Muaz, popote alipowekwa, aliinuka akautafuta mlango, akasimama mbele yake, uwe wazi au umefungwa, akapiga hodi. Nyumbani kwake mkewe, Fakhriya, alimwitikia karibu mpaka sauti ikamkauka. Jirani zake waliitikia. Watu wa mtaa waliopita walisimama dirishani wakaitikia, wakidhani ni jambo la kusaidia. Yeye alibaki amesimama, macho yakiwa mbele, kama mgeni ambaye mwenyeji wake bado hajafika.

Brightness ndiye aliyekwenda kumweleza Fakhriya. Alimweleza neno lile la asubuhi, ULISIKIA, na jinsi Muaz alivyokataa kusema ni nini. Fakhriya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajifunga buibui, akamshika mume wake mkono, wakashuka kwenda Feri.

Mama Agnesi alikuwa mbele ya karai lake, amejitanda kanga, anageuza changu. Mafuta yalikuwa yanachemka kwa kelele.

"Shikamoo, mama," alisema Fakhriya.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mama, mimi sikuja kumtetea mtu. Najua. Sasa najua." Machozi yalimtoka bila kuyafuta. "Lakini nina watoto. Sema neno moja tu. Mwitikie. Sema karibu, basi."

Muaz alikuwa amesimama mbele ya ubao wa kuuzia samaki, kana kwamba ubao ule ni mlango. Mkono ukainuka.

"Hodi!" aliita. Wauza samaki wa pembeni waligeuka. "Hodi, jamani! Nipo humu!"

Mama Agnesi alimtazama. Alimtazama kwa makini, kama alivyolitazama komeo siku ile. Akachukua upawa, akageuza samaki mmoja, akageuza wa pili, akasubiri mafuta yatulie. Hayakutulia.

"Sijasikia, mwanangu," alimwambia Fakhriya kwa upole. "Karai lina kelele."

Kule Mtaa wa Mkunguni watu wa Alhamisi walikuja, hawakuoneshwa kitu, wakaondoka. Brightness alirudisha hodi ya Vitalis kama ilivyokuwa, akalirudisha jina lake juu ya ukurasa na ile sentensi ya usiingie. Risiti za Abdulmalik zikapona siku hiyohiyo. Stoo sasa haina mlango kabisa; Anjana aliagiza ung'olewe, ubaridi utoke wote unakotaka.

Kuna kitu kimoja tu ambacho hawajakielewa. Kwenye orodha ya wageni ndani ya mashine kubwa kuna mmoja wa ziada. Hana duka, wala hakuna aliyemuunda. Brightness humfuta kila akimwona, na kila mashine inapowashwa humkuta amerudi, amesimamishwa katikati ya mwito, anamngoja mwenyeji. Visanduku vyake vyote ni sifuri isipokuwa RBX, ambayo siku zote ina namba hii: 49444F485A41554D.

Brightness aliisoma kutoka kulia mara moja tu. Ni herufi nane kamili: MUAZHODI. Mashine imeandikwa imwitikie kila mgeni anayepiga hodi, na huwaitikia wote. Huyo tu ndiye haimsikii.